Regex yangu ilisoma madaftari yote ya kuhamishwa vijijini, ikamkosa mama yangu

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu humu ndani shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hii habari nimekaa nayo tangu masika yaliyopita. Mara tatu nimeandika nikafuta. Leo siifuti. Ni kweli tupu, nimeficha tu kijiji na majina ya watu maana bado tunakutana nao mnadani.

Ni ndefu. Asiyependa kusoma apite kimya, sitaki mtu wa "weka kwa ufupi".

Mimi ni fundi wa kompyuta, nakaa Tabora mjini, Ng'ambo. Chuo sikumaliza. Code nimejifunza mwenyewe kwa kuharibu kazi za watu, na nikawa mzuri. Tatizo langu lilianzia hapo hapo, kwenye kujua kwamba ni mzuri.

Kwetu ni upande wa Igunga. Ukifika Ziba unaingia ndani kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno. Baba alishatangulia. Mama yupo, ana miaka sabini na kitu, anasoma polepole kwa kidole, alifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima enzi za Ujamaa na anajivunia sana hicho kisomo chake.

Sasa mliozaliwa juzi niwaeleze kidogo, bila hivyo hamtanielewa.

Miaka ya sabini watu walitolewa walikokuwa wametawanyika, wakaletwa kukaa pamoja kwenye vijiji. Wengine walikuja wenyewe, wengine waliletwa. Kule walikotoka pakabaki mahame. Yaani unakuta minyaa iliyozunguka boma bado imesimama, mawe ya jikoni yapo, makaburi yapo, watu hakuna.

Mahame yetu yako kama mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijijini. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe mpaka pwani akarudi, na aliporudi akasema miguu yake imetosha, akajenga pale. Ndivyo tulivyosimuliwa.

Lakini mama yangu hakuwa na habari na mpagazi wala pembe. Mama alikuwa na kitu kimoja tu pale.

Mtoto wake wa kwanza, dada yangu, aliitwa Mbula. Alikufa kwa surua kabla hata hajaanza kutembea, miezi michache kabla ya kuhamishwa. Amezikwa nyuma ya ilipokuwa nyumba. Kaburi lenyewe ni mawe tu, hakuna saruji. Kila mwaka baada ya mavuno mama alikuwa anaenda kulifagia. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikuwa tunamwona anaondoka na ufagio asubuhi, anarudi jioni, haongei.

Haya. Mwaka jana ikatangazwa kwamba lile eneo la mahame linapimwa, litagawiwa viwanja vya mashamba ya mpunga. Ikaundwa kamati. Kamati ikasema jambo la haki kabisa: familia ambazo zilihamishwa kutoka pale zitapewa kwanza sehemu zao za zamani, zilizobaki ndiyo wapewe wengine.

Utajuaje nani alihamishwa kutoka pale? Kuna madaftari. Siku ya kuhama watu waliandikwa kaya kwa kaya: mkuu wa kaya, idadi ya watu, ametoka wapi. Madaftari yalikuwa yamehifadhiwa, mchwa wameyaonja kidogo tu. Mwalimu mmoja wa pale kijijini akayachapa yote kwenye kompyuta, neno kwa neno kama yalivyo. Kazi nzuri sana, sina ugomvi na mwalimu.

Kila familia inayodai ikajaza fomu, na kwenye fomu kuna sehemu ya jina la mkuu wa kaya wakati wa kuhama. Fomu zikawa rundo. Mwenyekiti wa kamati akanipigia simu.

"Wewe si mtoto wa hapa? Njoo utusaidie na mashine yako."

Nikaenda mbio. Nani hapendi kwenda kwao akiwa na laptop begani anaitwa mtaalamu?

Wale wa code sasa sogeeni, wengine vumilieni aya chache.

Kazi ilikuwa rahisi. Majina yote ya kwenye fomu nikayaweka kwenye array moja, yaani orodha ya ndani ya code. Halafu kutokana na ile array nikajenga regex moja tu. Kwa asiyejua, regex ni kama kielelezo cha kutafutia: unaiambia kompyuta neno linalotafutwa linafananaje, yenyewe inapita kwenye maandishi yote inakuletea. Unaunganisha majina yako kwa kile kistari cha wima kinachomaanisha "au". Luhende au Maganga au Kapaya au Malimi, mpaka mwisho wa orodha.

Mara ya kwanza iliniletea takataka. Mtu anaitwa Limi, yenyewe inamkamata ndani ya Malimi. Nikaweka mipaka ya neno pande zote mbili. Halafu kuna fomu ziliandikwa "J. Maganga", na ile nukta kwenye regex ina maana yake nyingine kabisa, ikabidi nizidhibiti alama zote kabla ya kuunganisha. Herufi kubwa na ndogo nikaambia isijali.

Mwisho ikawa hivi:

re.compile(r"(?<!\w)(?:" + "|".join(map(re.escape, majina)) + r")(?!\w)", re.I)

Mstari mmoja. Niliutazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake siku ya mahafali. Ukipata jina kwenye daftari, fomu inaandikwa IPO. Usipolipata, HAIPO.

Niliujaribu kwa majina ambayo nilishayaona kwa macho kwenye daftari. Yote ikayapata. Nikajaribu kwa majina ya uongo. Hakuna hata moja lililopita. Nikasema kazi imeisha.

Wakuu, hapo ndipo nilipokuwa mpumbavu. Nilipima kama regex inapata kilichoandikwa. Sikujiuliza hata dakika moja kiliandikwaje.

Na siwezi kusema sikuambiwa. Niliambiwa.

Nilikuwa nimekaa kwenye darasa walilonipa shuleni, akaingia bibi mmoja, tumwite Bibi Kalunde. Naye alikuwa na fomu yake. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta dawati akakaa mbele yangu, anaitazama laptop kama anayetazama ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye unayesoma daftari kwa hiyo mashine?"

"Ndiye mimi bibi."

"Basi ujue, siku ile tulioandikisha wengi tulikuwa wanawake. Waume zetu walikuwa na ng'ombe huko mbuga ya Wembere. Na mwanamke hamtaji baba mkwe. Sasa huyo unayemtafuta humo, nani alimtaja?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka, siyo kwa dharau, ila nilicheka.

"Bibi usiwe na wasiwasi, hii inatafuta yote."

"Yote yaliyoandikwa," akasema.

"Ndiyo bibi. Nitaangalia."

Akanitazama kidogo, akanyanyuka, akaenda zake. Sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya kurudi mjini, kuna printa ya mtu ilikuwa inanisubiri. Printa!

Kwa msiojua mila yetu: kwetu Unyamwezini, na kwa Wasukuma ni hivyo hivyo, mke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Ni heshima. Hata akishakufa mkwe, wengi hawataji. Atazunguka. Atasema babu yake fulani, atasema mzee wa nyumba ile kubwa, atakuelekeza mpaka uelewe mwenyewe. Vijana wa siku hizi wameacha, ila wale kina mama wa zamani usiwachezee.

Na mimi nimezaliwa na mmoja wao! Fomu yetu ya nyumbani hakuijaza mama. Nilipompigia simu nikamuuliza jina kamili la babu, akaniambia, "Muulize baba yako mdogo." Nikampigia baba mdogo, akanitajia: Luhende. Nikaandika Luhende, mdai nikamweka baba mdogo, nikaendelea na shughuli zangu. Jibu lilikuwa limekaa mkononi mwangu na sikuliona.

Nikatoa orodha. Na hapa kuna ujinga mwingine, huu wa kujifanya mwema. Mstari wa familia yetu sikuuangalia. Makusudi. Nilijisemea nisije nikaambiwa napendelea kwetu, acha mashine iamue kwa haki. Nikachapa, nikasaini barua kwamba orodha imehakikiwa, nikamkabidhi mwenyekiti mbele ya kamati nzima. Mwenyekiti akauliza, "Haina makosa hii?"

Nikamjibu, "Mzee, kompyuta haina ndugu."

Watu wakapiga makofi.

Orodha ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Zikatolewa siku thelathini za mapingamizi. Mimi nikarudi Tabora nikiwa nimevimba kichwa.

Miezi miwili hivi ikapita nikaenda kumsalimia mama. Nimemletea sukari na kanga. Nikamkuta amekaa kibarazani amevaa vizuri, ufagio upo pembeni yake, na mavuno yalikuwa bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Afadhali umekuja na pikipiki. Nipeleke kule, nikaage."

"Ukamuage nani?"

"Mbula," akasema. "Si wamegawa? Nimesikia mwenye kiwanja anaanza kulima wiki hii."

Nikamwambia mama, kile kiwanja ni chetu, kigawiwe kwa nani tena? Akaniangalia kwa mshangao. Akaniambia kwamba siku orodha ilipobandikwa alienda, akaisoma kwa kidole mpaka akafika kwenye jina la baba yangu mdogo, na mbele yake pameandikwa HAIPO.

Nikamuuliza kwa nini hukunipigia? Kwa nini hukuweka pingamizi? Siku thelathini mama!

Nilimfokea. Mnielewe hapo, nilimfokea mama yangu kwa kosa langu.

Akasema taratibu, "Si wewe ndiye uliyeitengeneza? Nilijua umeona. Nikasema mwanangu amesoma, kama kungekuwa na njia angeniambia. Sikutaka nikusumbue na kazi za watu."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Nikamuuliza siku ile ya kuhama ilikuwaje. Hajawahi kunisimulia, na mimi sijawahi kumuuliza.

Akasema meza iliwekwa mbele ya ghala la pamba. Baba alikuwa mbugani na ng'ombe. Babu alikuwa ndani, miguu imevimba, hawezi kusimama. Nyumba ilikuwa tayari imeezuliwa. Mama ndiye alisimama kwenye foleni, bibi harusi wa mwaka wa pili, mtoto amemzika juzi. Karani akamuuliza mkuu wa kaya ni nani. Akasema, "Babu yake Kulwa." Kulwa ni mtoto wa kaka yake baba, alikuwa anakaa pale pale. Karani akamwambia taja jina. Mama akanyamaza. Foleni ndefu, jua kali, karani si mtu wa kwetu. Akaandika alichoambiwa.

Nikafungua laptop hapo hapo kibarazani. Nikatafuta kwa mkono. Ukurasa wa nne ikaja:

"Babu wa Kulwa. Watu saba. Ametoka: karibu na kisima cha mawe."

Kisima cha mawe ndicho cha kwetu. Watu saba ndio wao. Wangekuwa wanane kama Mbula angekuwepo.

Nikaongeza kwenye array maneno mengine: babu wa, babu yake, mzee wa, baba wa. Nikajenga regex upya, nikairusha. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Zikamiminika. Babu wa Shija. Mzee wa boma la chini. Babu yake Doto. Kwenye kila ukurasa wapo. Wanawake wote wale waliosimama mbele ya lile ghala, wakaheshimu wakwe zao, na mimi nikawafuta wote kwa mstari mmoja. Na Bibi Kalunde yumo.

Tukapanda pikipiki, lakini hatukwenda mahame. Tulikwenda kwa mwenyekiti.

Alikuwepo na wajumbe watatu wa kamati. Nikaeleza. Nikaonyesha kwenye laptop. Mwenyekiti akasikiliza vizuri, hakunikatiza, halafu akatoa ile barua yangu kwenye faili akaiweka mezani.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu mzee."

"Wewe ndiye uliyetuambia kompyuta haina ndugu. Leo umekuja na mama yako."

Mjumbe mmoja, mtu mzima, akajaribu kutusaidia. Akasema, lakini huyu "babu wa Kulwa" tutajuaje ndiye huyo Luhende wa kwenye fomu? Mama mwenyewe aseme hapa, mkuu wa kaya yenu alikuwa nani?

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Nikasema mimi nitataja. Mwenyekiti akakataa, akasema aseme aliyekuwepo.

Nikamwona mama anatazama chini. Mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kulitoa hilo jina mdomoni, hata kwenye msiba wa mwenyewe hakulitaja. Akajifunika uso kwa upande wa kanga, akasema, "Luhende. Alikuwa anaitwa Luhende."

Yule mjumbe aliyeuliza akainamisha kichwa. Yeye ni wa kwetu, alijua kilichotokea pale.

Mwenyekiti akaandika. Akaandika kweli, nilimwona. Kisha akafunga faili akasema, "Nimekusikia mama, na ninakuamini. Lakini siku za mapingamizi zimepita, majina yameshapelekwa wilayani, vigingi vimeshawekwa. Mimi hapa sina mamlaka tena."

Kama alijua hana mamlaka, kwa nini alimwacha aseme? Hilo nimemuuliza moyoni mara elfu. Mdomoni sikuuliza, maana najua angenionyesha tena ile sahihi.

Tulipotoka nje mama hakulia. Alisimama karibu na pikipiki akatengeneza kanga yake kichwani, akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Nimemtaja bure."

Basi. Hajasema lingine kuhusu hilo jambo mpaka leo.

Niliandika barua wilayani. Nimeenda mara mbili. Kila ofisi wananihurumia sana, kila ofisi wananielekeza ofisi nyingine. Familia za akina Bibi Kalunde na wengine nimewaambia ukweli, nyumba kwa nyumba, kwamba kosa ni langu. Bibi Kalunde alinikaribisha uji. Ningependa zaidi angenitukana.

Kwa wale mnaofanya kazi kama yangu: kabla hujajenga array yako, nenda ukae na watu waliokuwepo siku maandishi yanaandikwa. Waulize nani alikuwa anasema na nani alikuwa anaandika. Mimi nilikuwa nao, mmoja ndiye aliyenizaa na mwingine alivuta dawati akakaa mbele yangu, na bado nikaona mstari wa code unajua zaidi.

Na wewe ambaye mama yako yupo hai, anayo mambo ambayo hajakwambia kwa sababu hujamuuliza. Muulize wiki hii.

Uwanja wenu sasa. Mwenye uzoefu wa rufaa za ardhi za namna hii anielekeze, nitashukuru. Anayetaka kunichapa anichape, nimestahili. Ila tafadhali asitokee mtu wa kuniambia "usijilaumu mkuu", hiyo nimeshaisikia ya kutosha.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kama code nimeirekebisha. Ndiyo, nimeirekebisha, na anayeihitaji nitamtumia. Sasa hivi inawapata wote, hata mmoja haimpiti. Yule aliyepewa kiwanja alilima kwa trekta Jumatano ya wiki ile ile. Ni mtu mwema, alipoambiwa alikuja mpaka nyumbani akiwa na kofia mkononi, akamwambia mama kwamba aliona mawe, akadhani ni mawe tu, akayatoa.